Pengwini wa Afrika: Tunahesabu Ndege, Tunasahau Makundi

Tarehe 18 Machi 2025 Mahakama Kuu ya Pretoria iliyapa nguvu ya amri maafikiano yaliyotanguliwa na miaka mingi ya mabishano. Mashirika mawili ya kuhifadhi ndege, BirdLife South Africa na SANCCOB, yalikuwa yamempeleka mahakamani waziri wa mazingira na uvuvi wa Afrika Kusini, na vyama vya wenye meli za uvuvi navyo vilikuwa ndani ya kesi hiyo. Pande zote zilikubaliana kwamba hadi mwaka 2033 meli zinazovua sadini na anchovi, samaki wadogo ambao pengwini huwategemea kwa chakula, kwa nyavu kubwa za kuzungushia zisiingie katika maeneo yaliyochorwa kandokando ya mazalia sita ya pengwini wa Afrika: Dassen, Robben, Stony Point, Dyer, St Croix na Bird Island. Tangu siku hiyo, mada ya pengwini ikizuka hukosi kusikia mojawapo ya kauli mbili. Wa kwanza atasema kesi imekwisha na ndege ameokoka. Wa pili atasema wavuvi wamenyang'anywa riziki kwa ajili ya ndege wa kupigwa picha na watalii. Kauli zote mbili zinapotea njia panda ileile. Zinamchukulia pengwini kama ndege anayeishi kivyake, ambaye ukimwachia samaki kiasi fulani atazaa kiasi fulani. Pengwini hula, huzaa na hujenga makazi mapya kwa kuwategemea wenzake, na kundi likipungua kupita kiasi, waliobaki hawapati nafasi ya kushiba zaidi. Hupata njaa zaidi. Asiyeelewa hilo hawezi kujua maafikiano ya Pretoria yamefanya nini, wala yameacha nini.

Historia ya ndege huyu ni historia ya kupunguzwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 kisiwa cha Dassen peke yake kilikadiriwa kuwa na pengwini zaidi ya milioni moja. Mayai yao yalikusanywa kwa mamilioni na kuuzwa kama chakula, biashara iliyoendelea kwa kibali cha serikali hadi 1967. Tabaka nene la kinyesi cha ndege wa baharini, lililorundikana kwa karne nyingi na ambalo pengwini walichimba mashimo ya viota ndani yake, lilikwanguliwa hadi kwenye jiwe na kuuzwa kama mbolea. Kizazi baada ya kizazi wamekuwa wakitaga juani, mahali ambapo joto huwafukuza kwenye viota na shakwe huokota mayai yaliyoachwa wazi. Baadaye yakaja mafuta ya meli zinazozama, kisha njaa. Oktoba 2024 Muungano wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, ulimweka pengwini wa Afrika katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, wa kwanza kufika hapo kati ya aina 18 za pengwini duniani. Jozi zinazozaa hazifiki 10,000 kwa Afrika Kusini na Namibia zikijumlishwa, na idadi hiyo imekuwa ikishuka kwa karibu asilimia 8 kwa mwaka. Kwa mwendo huo wataalamu walionya kwamba ifikapo 2035 huenda wasiwepo tena porini.

Sasa tumtazame anapokuwa kazini. Mwaka 2017 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha matokeo ya kamera ndogo walizowafunga pengwini mgongoni na kuwaacha waende kuvua. Picha zilionyesha ndege wakikutana majini, wakipiga mbizi pamoja, wakilizunguka fungu la samaki kutoka chini na kulisukuma juu hadi karibu na uso wa maji, mahali ambapo samaki hana tena pa kukimbilia. Pengwini aliyevua na wenzake fungu la samaki alipata mara 2.7 ya alichopata aliyevua peke yake kwa juhudi ileile. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa ndege anayerudi kiotani akiwa na kinda au makinda mawili yanayomngoja, ndiyo tofauti kati ya kulea na kuzika. Wala faida haiishii kwa pengwini: ndege wengine wa baharini, wasioweza kupiga mbizi kwa kina hicho, hunufaika na samaki waliopandishwa juu. Kabla ya hapo, mwaka 2012, watafiti wengine walikuwa wamekwisha kutoa hoja kwamba pengwini wa Ghuba ya Algoa, upande wa mashariki wa pwani ya Afrika Kusini, wanaweza kufika mahali ambapo uchache wenyewe unageuka kuwa sababu ya kuzidi kupungua: ndege wakiwa wachache baharini, uwezekano wa kukutana na kuunda kikosi cha kuvua unapungua, kila mmoja anavua kwa shida, wachache zaidi wanarudi salama, na msimu unaofuata kikosi kinakuwa kigumu zaidi kukiunda. Hoja hiyo ilipaswa kuwa katikati ya mjadala wote uliofuata. Kwa sehemu kubwa ilibaki pembeni.

Nchi kavu nako ni hivyohivyo. Watu wamependa kumsimulia pengwini kama mfano wa mapenzi yasiyokufa, na simulizi hizo zimemfanya apendwe, jambo ambalo silipingi. Lakini zimeficha jinsi ndoa hizo zinavyofanya kazi. Katika kisiwa cha Phillip huko Australia, watafiti waliofuatilia pengwini wadogo, aina yenye umbo dogo kuliko zote, kwa misimu 13 walihesabu talaka karibu 250 kati ya jozi zipatazo elfu moja, na miaka yenye talaka nyingi ndiyo iliyokuwa na uzazi mbovu. Pengwini wa Afrika huelekea kumrudia mwenzi yuleyule na kiota kilekile, na ana vifaa vya kumtambua: majaribio kwa ndege wa kufugwa yameonyesha kwamba humjua mwenzi kwa sauti na sura kwa pamoja, na kwamba vidoa vyeusi vya kifuani, ambavyo kila ndege ana mpangilio wake, ni sehemu ya utambuzi huo. Utambuzi huo una kazi maalumu. Mayai mawili huatamiwa kwa siku 40 hivi, na mume na mke hupokezana: mmoja yuko baharini, mwingine amelala juu ya mayai bila kula. Mapatano hayo hudumu kwa sharti moja tu, kwamba aliyekwenda atarudi kwa wakati. Samaki wakiwa mbali, anachelewa. Akichelewa sana, aliyebaki anaanza kujila mwenyewe, na hatimaye anaacha mayai ili asife. Ukimwona ameondoka kiotani usidhani uaminifu umemwishia. Ameishiwa mafuta mwilini.

Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kubadilisha manyoya, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mara moja kwa mwaka pengwini hupoteza manyoya yote kwa mkupuo, na kwa siku 21 hivi hawezi kuingia baharini kwa kuwa mwili hauhimili maji. Siku zote hizo hali kitu. Lazima awe amenenepa kabla, na lazima apate chakula haraka baada ya hapo. Utafiti uliochapishwa Desemba 2025 ulikadiria kwamba kati ya 2004 na 2011 pengwini wapatao 62,000 wa visiwa vya Dassen na Robben walikufa, wengi wao kwa njaa inayohusishwa na kipindi hicho, katika miaka ambayo sadini wa pwani ya magharibi walikuwa wameporomoka huku uvuvi ukiendelea. Hao walikuwa wazazi, ndege wenye uzoefu, waliojua mahali pa kuvua na wa kuvua nao. Kinda likifa, hasara ni ya msimu mmoja, lakini anapokufa mtu mzima kikosi kizima kinapunguka.

Wala si pengwini wa Afrika peke yake anayeishi kwa mpango huu. Madume ya pengwini mfalme mkuu wa Antaktika hubeba yai juu ya nyayo kwa zaidi ya siku 60 katikati ya baridi kali, na wanapona kwa kusongamana, wakisogea hatua ndogondogo ili wa pembezoni waingie ndani na wa ndani watoke. Dume mmoja hawezi kujipasha joto hilo. Mwaka 2022 barafu ya Bahari ya Bellingshausen ilivunjika mapema mno, na mazalia manne kati ya matano yaliyochunguzwa kwa setilaiti yalipoteza makinda karibu yote kabla hayajaota manyoya ya kuhimili maji. Kule adui ni joto la dunia. Kwenye pwani za Afrika ni upungufu wa samaki unaochanganyika na mabadiliko ya bahari. Pande zote mbili, kinachovunjika kwanza ni yale mazingira yanayowawezesha kukaa pamoja.

Nirudi Pretoria. Wanaopinga kufungwa kwa maeneo ya uvuvi wana hoja moja nzito ambayo watetezi wa ndege hawapendi kuisema kwa sauti. Tangu 2008 Afrika Kusini iliendesha jaribio la kufunga na kufungua bahari kwa zamu kuzunguka visiwa vinne. Mwaka 2023 jopo la wataalamu wa kimataifa lilipitia matokeo na kusema kwamba kufunga kuna manufaa, lakini madogo: ongezeko la kati ya asilimia 0.7 na 1.5 hivi kwa mwaka katika kasi ya ukuaji wa idadi. Ukiondoa asilimia moja na nusu kwenye nane, inabaki sita na nusu, na ndege bado anaelekea kwenye sifuri. Upande wa pili wa mizani kuna watu halisi: mabaharia, wafanyakazi wa viwanda vya kusindika samaki, miji ya pwani ambayo haina kazi nyingine ya maana. Hoja hiyo inastahili jibu, na kumwambia mfanyakazi wa kiwandani kwamba pengwini anapendeza si jibu. Naiona hivi: jaribio lile lilipima zaidi mambo ya kiotani, kama vile makinda kupona, hali ya miili yao, na safari za wazazi. Halikuweza kushika vizuri uhai wa ndege waliokomaa nje ya msimu wa kulea, wala namna kikosi cha uvuvi kinavyonufaika pale ndege wachache zaidi wanapokufa. Kama faida ya mmoja inategemea kuwapo kwa wengine, basi wastani wa asilimia moja kwa mwaka unaficha tofauti kubwa: kwa kundi kubwa asilimia hiyo ni kidogo, kwa kundi lililo ukingoni inaweza kuamua kama kutakuwa na kikosi kesho au hapatakuwa. Hata hivyo nakubali, na watetezi wote wakubali, kwamba duara la kilomita 20 kuzunguka kisiwa haliwezi peke yake kugeuza mteremko huu.

Hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa sana, ni ile inayosema samaki wamehama na pengwini atawafuata. Sehemu ya kwanza ni kweli. Tangu miaka ya 1990 kuelekea 2000 sadini na anchovi wanaozaliana wamesogea kutoka pwani ya magharibi kwenda upande wa mashariki wa Cape Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika. Sehemu ya pili inakanushwa na kila tunachokijua juu ya ndege huyu. Juni 2000, meli iitwayo Treasure ilipozama kati ya Dassen na Robben na kumwaga mafuta, watu wa kujitolea waliwaosha pengwini wapatao 19,000. Wengine kama 19,500, ambao walikuwa bado safi, walipakiwa kwenye malori na kupelekwa hadi karibu na Port Elizabeth, wakaachiwa huko ili safari ya kurudi iwape muda wasafishaji. Wengi wao wakarudi kwa kuogelea, mamia ya kilomita, hadi kwenye visiwa vyao. Watatu kati yao waliofungwa vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, Peter, Pamela na Percy, walishangiliwa na nchi nzima walipokuwa wakikaribia nyumbani. Mapenzi hayohayo ya mahali pa kuzaliwa yaliyowaokoa mwaka 2000 ndiyo yanayowafunga leo kwenye visiwa ambavyo samaki wamevipa kisogo. Pengwini mwenye yai hawezi kuhama. Mpaka wake ni umbali wa kwenda na kurudi kabla mwenzi hajakata tamaa.

Basi vijana, ambao hawajaoa wala kutaga, je? Hao ndio wanaosikitisha zaidi. Utafiti wa mwaka 2017 uliowafuatilia kwa setilaiti ndege wachanga kutoka mazalia manane ulionyesha kwamba wakiondoka mara ya kwanza huelekea kwenye maji baridi yenye vijimea vingi, dalili ambazo kwa maelfu ya miaka ziliwaonyesha babu zao mahali penye sadini. Dalili bado zipo, hasa kuelekea Namibia, lakini samaki hawapo; uvuvi wa kupindukia wa miongo iliyopita uliwamaliza, na mahali pao pakashikwa na samaki wasio na mafuta ya kutosha na konyeza. Vijana wanafuata ramani sahihi ya dunia isiyokuwepo tena, na wengi wanafia huko. Halafu kuna jambo la jiografia tupu: kati ya kisiwa cha Dyer na Ghuba ya Algoa, umbali wa kilomita kama 600, hakuna hata kisiwa kimoja cha kuzalia. Samaki walikwenda sehemu isiyo na nyumba. Kumwambia pengwini awafuate ni kumtuma akalale mchangani mbele ya chui na nyegere.

Upande wa uhifadhi nao una hoja yake dhaifu: kwamba tukishapata amri ya mahakama na vituo vya kulea makinda yaliyotelekezwa, tumemaliza. St Croix inatosha kuivunja. Kisiwa hicho cha Ghuba ya Algoa kilikuwa na mazalia makubwa kuliko yote duniani ya aina hii. Mwaka 2016 ghuba ikaanza kutumika kwa meli kujazana mafuta baharini, kelele chini ya maji zikaongezeka sana, na ndani ya miaka michache idadi ya pengwini pale ikaporomoka kwa takriban asilimia 85. Watafiti waliohusisha mambo hayo mawili walitoa hoja ya uwezekano, na wavuvi wana haki ya kusema kwamba hapo nyavu zao hazikuwa mshitakiwa pekee. Mafua ya ndege nayo yamekwisha kuua pengwini zaidi ya mara moja. Yeyote anayesema kwamba ukifunga bahari kwa sadini kila kitu kitatulia, hajaitazama St Croix.

Nikisema tuhesabu makundi, nina maana ya mambo yanayoweza kutendwa. Maafikiano yatakapofanyiwa tathmini, swali lisiwe tu jozi ngapi zimeongezeka. Liwe pia ndege wa kila kisiwa wanavua wakiwa wangapi, na wanachukua muda gani baharini. Kamera na vifaa vya kufanya hivyo vipo na vimekwisha tumika. Kisiwa ambacho jozi zimebaki vilevile lakini vikosi vya uvuvi vimerudi kimeanza kupona. Kisiwa chenye jozi zilezile ambazo kila mmoja anavua kivyake kimo katika hatari ambayo takwimu za viota hazitaionyesha mpaka iwe tumechelewa.

Pili, fedha na nguvu za watu vielekezwe kwanza kwenye makundi ambayo bado yana ukubwa wa kujiendesha. Hili ni gumu kulisema, kwa sababu lina maana kwamba mazalia madogo yenye jozi chache, mengine yakiwa Namibia, hayatapata kipaumbele sawa. Lakini kugawa rasilimali chache kwa usawa kati ya kila kikundi cha pengwini ni kuhakikisha kwamba hakuna kundi hata moja linalobaki juu ya ukingo. Makinda yanayolelewa kwenye vituo yaachiliwe mahali ambapo yatakuta ndege wengi waliokomaa wa kuvua nao, hata kama si karibu na kituo chenyewe.

Tatu, makazi mapya yajengwe kwa kuelewa kwamba pengwini hamfuati samaki tu, humfuata pengwini. Katika miaka ya 1980 ndege wachache walirudi wenyewe Robben na kuanzisha makazi Boulders, karibu na Simon's Town, na Stony Point, na kila mahali palianza kwa jozi chache na kuvuta wengine. De Hoop, mashariki mwa Cape Agulhas, pamejaribiwa kuiga hilo: uzio wa kuzuia wanyama wala nyama, sanamu za pengwini zilizosimamishwa kwenye miamba, spika zinazocheza milio yao, na baadaye vijana waliolelewa kwa mkono kuachiliwa hapo. Mwaka 2022 jozi zikaanza kuzaa. Nyegere akapenya na kuua. Uzio ukaimarishwa na kazi ikaendelea. De Hoop ni jaribio lenye akili kuliko mengi ninayoyajua katika uhifadhi wa ndege wa baharini, kwa kuwa linaanza na kile ndege mwenyewe anachokitafuta, yaani wenzake. Linahitaji miaka na fedha za uhakika, wala lisihukumiwe kwa idadi ya viota vya msimu mmoja.

La mwisho ndilo lenye uzito mkubwa zaidi, na maafikiano ya Pretoria hayakuligusa. Maduara ya kuzuia uvuvi hulinda maji ya karibu na kiota wakati wa kulea. Hayamsaidii ndege anayetafuta kunenepa kabla ya kubadilisha manyoya, mbali na kisiwa, wala kijana anayezunguka pwani ya magharibi. Hao wanategemea sadini wangapi wanaachwa baharini kwa jumla, na hasa magharibi mwa Cape Agulhas, ambako uvuvi umekuwa mzito kuliko samaki waliobaki. Mgawo wa uvuvi huamuliwa kila mwaka, kwa hesabu inayouliza ni kiasi gani kinaweza kuvuliwa bila kuharibu akiba ya samaki. Inafaa serikali ya Afrika Kusini iongeze katika hesabu hiyo sharti jingine: sadini wa magharibi wakishuka chini ya kiwango ambacho pengwini wazima wanaanza kufa, uvuvi wao upande huo usimame hadi wapande tena, na viwanda vilipwe fidia kwa msimu huo kwa utaratibu uliopangwa mapema. Anchovi, ambao kwa sehemu kubwa huishia kuwa unga wa samaki, wana nafasi kubwa zaidi ya kupunguzwa bila kumnyima mtu chakula mezani. Wanasheria na wanasayansi walioshinda Machi 2025 wana mamlaka ya kimaadili na takwimu za kulidai hilo katika vikao vya kupanga mgawo, na wavuvi waliosaini maafikiano wameonyesha kwamba wanaweza kukaa meza moja nao. Vikao hivyo vinafanyika bila kelele za mahakamani, na ndiko vita vya sasa viliko.